Maji Yaliyopimwa na Marehemu

Mtani wangu Yona,

Shikamoo sikupi. Hukuwahi kuipokea ulipokuwa hai. Ulikuwa unasema Mhehe akimwamkia Mgogo mvua inakatika, na mvua ya Dodoma yenyewe unaijua. Basi nakusalimu kwa salamu ya kwenu uliyonifundisha: mbukwa.

Nakuandikia nikiwa na hasira. Nakukumbuka, ndiyo, tena kuna siku nageuka kukuuliza kitu nakuta ukuta. Lakini kilichonikalisha hapa leo si kukukumbuka. Wenzetu wa hapa ofisini Mtumba wameamua kukufuta, na wametaka mimi ndiye nishike kifutio.

Nianze na habari ndogondogo. Kiti chako kilichukuliwa na watu wa uhasibu kabla hatujamaliza hata kurudisha masufuria ya msiba. Kikombe chako cha bati wameweka kalamu. Ule mzabibu uliopanda nyuma ya ofisi umekauka. Ofisi nzima ya watu wa maji, Yona, na mzabibu umekufa kwa kiu, kila mtu anaupita anakwenda kuegesha gari. Niliumwagilia siku chache, nikawa nimeshachelewa, basi. Nimebaki na kijiti chake kwenye droo.

Wanasema ulikufa kwa ajali. Mimi nasema ulikufa kwa gari ambalo hukupewa. Uliomba gari la kitengo uende Gulwe kumalizia kupima visima, mvua za kifuku zimeshika, makorongo yamejaa, na Mkuu wetu wa kitengo akasema gari halipo. Lilikuwepo. Lilikuwa limebeba mapambo ya sendofu, sherehe ya kumuaga mpwa wake anayeolewa. Akakwambia chukua pikipiki, kwani Gulwe si ni kwenu, njia unazijua. Ulikwenda, ukapima, ukatuma majibu kwa simu, na wakati wa kurudi korongo likashuka. Maji ya korongo hayapigi honi. Kwenye maziko Mkuu akasimama na miwani yake myeusi akasema Mungu alikupenda zaidi. Nilitaka kumuuliza kama ni Mungu pia aliyechukua gari, ila mama yako alikuwa ananitazama.

Kazi yangu ya utani niliifanya, usiseme sikuifanya. Jeneza lilipotoka mlangoni nililala mbele yake, nguo mpya, vumbi lote la Gulwe, nikasema Mgogo huyu haendi popote mpaka anirudishie mwavuli wangu. Watu walicheka huku wanalia. Mkuu, ambaye kwao utani wetu hawaujui, akaniinamia akasema, "Neema, kuwa siriasi, huu ni msiba." Mjomba wako alikuwa mstaarabu zaidi. Alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya katani, akanikabidhi, nikanyanyuka nikapisha. Ndiyo desturi: mtani huzuia, hupewa chake, hupisha. Jogoo yule nilirudi naye Dodoma mapajani, akinikodolea macho njia nzima.

Sasa sikiliza lililotokea.

Unakumbuka siku uliponifundisha kazi ya kanzidata pale soko la Majengo, mezani kwa mama lishe, nyuma ya wauza uwele? Mimi nimetoka chuo, najiona, naandika vitu kwa maneno makubwa. Ukasogeza sahani ya ugali katikati ukasema hili ndilo jedwali la watumishi, huyu ni mama. Ukachukua vibakuli vya mlenda ukavipanga: hili jedwali la visima, hili la vipimo, hili la vibandiko tunavyobandika kwenye pampu, hawa ni watoto. Mtoto habebi habari zote za mama yake, ukasema. Anabeba jina lake tu, ili ukimuuliza wewe wa nani, akutajie. Huo ndio ufunguo wa ugenini, jina la mama mfukoni mwa mtoto. Mama akibadili jina, watoto nao wabadilishe papo hapo, la sivyo watakuwa wanataja mtu ambaye hayupo. Ndiyo maana tunauamuru mfumo mabadiliko yatiririke toka juu mpaka chini.

Nikakubishia. Nikasema chuoni tulifundishwa ufunguo uwe namba, majina hubadilika. Ukasema, "Namba haina mama." Ulitaka jina la mpimaji lionekane kila mahali, hasa kwenye kibandiko, kwa sababu mtu anayekunywa ana haki ya kujua ni nani aliyemwambia maji ni salama. Nilikuona mshamba. Bado naamini namba ingetuepusha na mengi, tena leo nina ushahidi, lakini sina wa kubishana naye.

Na kuniridhisha kwamba mtiririko unafanya kazi, ukanibadilisha jina kwenye jedwali la watumishi. Ukaandika Neema Mlambwa, ule utani wenu kwamba sisi Wahehe tunakula mbwa. Sekunde ile ile kila kisima nilichowahi kugusa kikawa kimepimwa na Neema Mlambwa, na wewe ukaenda zako kunywa chai, ukaniacha hivyo mpaka jioni. Nilikuita ombaomba, utani wetu kwa Wagogo, mbele ya wageni wa wizara. Mkuu alitushangaa sote wawili. Nilifurahi siku ile, Yona. Sijui kama niliwahi kukwambia.

Sheria yako ya pili ulinipa tukiwa tunanawa mikono. Kubadilika ruhusa, kufutwa hapana. Mtumishi ambaye bado kuna kinachomtaja popote kwenye majedwali, mfumo ukatae kumfuta. "Nyumba yenye watoto haibomolewi," ulisema. Niliiandika sheria hiyo kwa mkono wangu, wewe umesimama nyuma yangu unatafuna karanga.

Basi baada ya msiba, Mama Mwasi wa utumishi alitakiwa kuhuisha taarifa za watumishi. Unamjua Mama Mwasi, mtu wa kanisani, hawezi kutaja mtu aliyelala bila kumstahi. Mfumo ulikuwa na kisanduku cha kuonyesha kwamba mtumishi hayupo tena kazini, akakitia alama. Lakini alipofika kwenye jina lako akaliona limekaa wazi tu, Yona Chilewa, kama mtu aliyeko kantini. Ikamuuma. Akaweka kidole mwanzo wa jina akaongeza neno moja, akahifadhi, akafuta machozi, akaendelea na faili jingine.

Marehemu Yona Chilewa.

Simlaumu. Katika jengo zima ni yeye peke yake aliyefanya kitu kwa ajili yako. Na mfumo nao ulifanya ulichoufundisha: mama kabadili jina, watoto wote wakafuata. Hakuna aliyeona, kwa sababu hakuna aliyetazama. Ukafika wakati wa kuchapisha vibandiko vipya, vikachapishwa, vikasambazwa vijijini, vikabandikwa. Kila pampu uliyowahi kuipima, Yona. Maji ni salama kwa kunywa. Amepima: Marehemu Yona Chilewa.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa mwenyekiti wa kijiji kimoja cha Mpwapwa. Aliuliza kwa upole kabisa huyo mtumishi wetu wa makaburini hufika kupima saa ngapi, ili wanakijiji wajihadhari. Nikadhani ni utani. Halafu zikafuata nyingine, na hao hawakuwa wanatania. Watu wameacha pampu. Wengine walisema maji yamepimwa na mzimu. Wengine walisema kwa akili zao timamu kwamba kama mpimaji kafa, basi labda alikufa kwa kuyaonja.

Nilihangaika kutafuta kosa. Nilianza na mashine ya kuchapisha, nikidhani kuna mtu kachezea umbo la kibandiko. Umbo lilikuwa safi. Nikaenda kwenye jedwali la vibandiko, nikalikuta neno hilo. Nikalifuta kwenye kibandiko kimoja kwa majaribio, mfumo ukanikatalia, kwamba hakuna mtumishi anayeitwa Yona Chilewa. Niliposoma ujumbe ule ilibidi nitoke nje. Hakuna mtumishi anayeitwa Yona Chilewa. Nilirudi nikapanda juu, jedwali la vipimo, la visima, mpaka kwa mama yao, na pale nikakuta chanzo: neno moja, mahali pamoja. Hapakuwa na hitilafu yoyote. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi vizuri.

Kabla ya kugusa kitu nilikwenda Gulwe, nikiwa na kisu cha kubandulia vile vibandiko. Nilipita kwa mama yako. Alinipokea kwa mbukwenyi ndefu, akanipa kigoda. Kwenye pampu yenu hapakuwa na mtu. Watu walikuwa korongoni, wamefukua mashimo mchangani, wanachota kwa vibuyu maji ya rangi ya chai ya maziwa, na watoto wa jirani walikuwa wanaharisha. Korongo lile lile, Yona. Mama yako ana pampu hatua chache kutoka mlangoni, uliyoipima asubuhi ya siku yako ya mwisho, na alikuwa anakunywa maji ya korongo lililokuua.

Alisubiri nimalize kubandua. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake kile cha kuchagua maneno, "Mwanangu amekufa. Bado mnamtuma kazi?"

Nilishika pampu nikasukuma, nikanywa kwa viganja mbele yake na mbele ya wanawake waliokuwa wanarudi na ndoo, nikanywa mpaka tumbo likajaa. Mama naye akanywa. Wengine wakasema watasubiri kibandiko kipya.

Nilirudi Mtumba na mpango mwepesi. Natoa neno Marehemu pale juu, linatoka kote chini, tunachapisha upya. Baadaye nabadili ufunguo uwe namba, ili kesho Mama Mwasi mwingine mwenye huruma asitufikishe huku tena. Nikapeleka kwa Mkuu kupata idhini. Akasikiliza huku anapekua simu. Akasema jina lako limeshaleta taharuki, wanakijiji hawatalitaka tena, na zaidi ya hapo anaandaa taarifa ya wafadhili, haipendezi kazi nyingi kiasi kile kuonekana imefanywa na mtu ambaye hayupo. "Weka langu. Mimi ndiye mkuu wa kitengo, kazi yote ni yangu kiutaratibu. Si ulisema inatiririka?"

Kweli nilisema. Nililimeza lile neno lako kama mfupa.

Alisimama nyuma ya kiti changu, pale pale ulipokuwa unasimama wewe na karanga zako, akataka nifanye akiona. Nikafanya, Yona, kwa sababu nilijua kitakachotokea. Niliandika jina lake juu ya lako na mfumo ukakataa: jina hilo tayari lipo, watumishi wawili hawawezi kuwa mtu mmoja. Nikamwonyesha. Akanywea kidogo, kisha akasema basi hamisha kisima kimoja kimoja. Nikasema hilo sitalifanya. Hakufoka. Alimwita fundi wa mkataba, mtu ambaye hakukujua na hana ugomvi na yeyote, na kabla ya chakula cha mchana visima vyako vyote vilikuwa na baba mwingine. Vya Kongwa, vya Bahi, vya Chamwino, na vile ulivyovipima ukilala njaa. Vibandiko vikachapishwa tena, vikapelekwa kwa gari. Gari siku hiyo lilikuwepo.

Na watu wamerudi kwenye pampu. Hilo ndilo linaloniuma nisiweze hata kulisema kwa sauti. Uongo wake umewanywesha maji, watoto wa Gulwe wamepona matumbo, na mimi na ukweli wangu nilikuwa bado natafuta idhini. Ungekuwepo ungesema cha kwanza wanywe, mengine baadaye. Najua ungesema hivyo. Wanywe. Lakini mama yako aliomba asomewe kibandiko kipya, kisha akanipigia kwa simu ya jirani. Aliuliza, "Huyu aliyeandikwa ni nani?" Nikasema ni mkuu wake Yona. Nikasikia kuku na mtu anatwanga. Mama akasema, "Basi Yona alikuwa anamsindikiza tu." Sikupata hata nafasi ya kumjibu, salio la jirani likaisha.

Nilikuwa nimekusudia kulia siku hiyo, lakini Mkuu hakuniacha. Alitaka na wewe mwenyewe uondolewe kwenye jedwali la watumishi, mfumo uwe msafi. Fundi akabonyeza futa. Mfumo ukakataa. Akabonyeza tena, ukakataa. Akatafuta kisima kilichosahaulika kwa jina lako, hakuna. Kipimo, hakuna. Kibandiko, hakuna. Ndipo akausoma ujumbe vizuri, akageuka akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu aje pale ofisini.

"Dada," akasema, "bado anatajwa na wewe."

Nilikuwa nimesahau. Kwenye jedwali hilo hilo la watumishi uliweka kisanduku cha mwalimu, kwamba hakuna atakayeweka jina lake kwenye maji ya watu mpaka aonyeshe ni nani aliyemfundisha. Wengine wote uliowafundisha walishabadili wenyewe, sasa wanataja walimu wengine. Mimi kisanduku changu kinasema wewe. Na uliweka kizuizi kwamba mwalimu habadilishwi ila na mwanafunzi mwenyewe, maana hujui kesho nani atataka kujifanya amemfundisha nani. Ulikuwa mkorofi, Mgogo wewe. Uliwajua watu hawa kuliko nilivyowajua mimi.

Mkuu ameniita ofisini mara kadhaa. Ananiambia ni kisanduku tu. Ananiambia niandike jina lake, kwani naye si amenifundisha mengi? Amenifundisha, kweli. Juzi alianza kuzungumzia uhamisho, kwa upole, kana kwamba ni zawadi, na kwamba wanaokwenda na wakati ndio wanaopanda. Fundi anaweza kukivunja kizuizi akitaka, ila amesema wazi hatavunja bila barua yenye saini, na Mkuu barua hiyo hataki kuiandika. Analitaka jina lako lifutike bila jina lake kuonekana kwenye kufuta. Nimeandika juu kuomba visima vyako virudishwe kwako, nakala ya zamani tunayo. Sijajibiwa na sitegemei kujibiwa.

Nimechoka, mtani. Naogopa uhamisho, nisikudanganye. Mwanangu ndiyo kwanza amezoea shule. Nina hasira na Mkuu, nina hasira na lile korongo, na kuna siku nina hasira na wewe, uliyekubali kupanda pikipiki ile kwa sababu hukupenda kubembeleza. Ungebembeleza siku hiyo. Ungenituma mimi, mimi sina haya.

Lakini nimefanya jambo moja leo, nalo ndilo nililotaka kukwambia. Nimefungua jedwali la watumishi, nikaenda kwenye jina lako, nikatoa neno la Mama Mwasi. Nilimwomba ruhusa kwanza, akasema nitoe, sasa anajua unastahiwa. Nikahifadhi. Zamani badiliko kama hilo lingeshuka mkoa mzima, pampu kwa pampu. Leo lilikuwa na mahali pamoja tu pa kushukia. Nikaangalia kisanduku changu, nacho kikawa kimeshabadilika chenyewe: Mwalimu, Yona Chilewa.

Jumamosi nakwenda Gulwe na kopo la rangi. Kibandiko cha Mkuu sitakigusa, watu wanywe kwa amani. Nitaandika chini, kwenye zege la pampu, herufi kubwa ambazo mama anaweza kuzifuata kwa kidole, nani alikuja kuyapima maji yale na siku gani. Zege halina mfumo.

Na kisanduku changu sikibadilishi. Wanihamishe, wanipandishe, waniweke kwenye kitengo cha kuhesabu viti. Kila watakapobonyeza futa watanikuta nimelala mlangoni kwa nguo zangu nzuri. Pumzika, mtani, na ule mwavuli baki nao. Mjomba wako alinipa jogoo nikapisha, kwa sababu alikuwa anakuzika kwa heshima. Hawa wa huku hawana kuku nitakayempokea.

Mtani wako,
Neema